Kizuka na Landrova

Jumapili, 22 Septemba 1991

Matanga yameanuliwa na watu wamerudi makwao, wa Harrow Harrow, wa Stanmore Stanmore. Tumebaki mimi, mwanangu Ummukulthum, na magurudumu manne ya gari yaliyopangwa ukumbini mpaka usawa wa kiuno changu. Msabaha aliyanunua wiki moja kabla moyo wake haujasimama kazini. Wanawake waliokuja kunipa pole walikuwa wakiyakwaa kwa magoti na kusema "Inna lillahi" mara mbili, moja ya marehemu na moja ya goti.

Sasa mimi ni kizuka, mjane aliye edani. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba hii ya Wembley, bila wanja, bila uturi, bila kuonekana na mwanamume asiye maharimu wangu. Uturi nimekatazwa, lakini nyumba nzima inanuka mpira.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua.

Jumamosi, 28 Septemba

Shemegi Mwadini amekuja. Ni kaka yake Msabaha, baba mmoja mama mmoja, karani wa posta, mtu wa tai hata Jumamosi. Analala Harrow, lakini sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba hii. Kaleta nguru mzima, kamkabidhi Ummu, kisha kaketi kwenye ngazi na kunisemesha mimi nikiwa nyuma ya mlango wa chumba cha mbele.

"Shemegi, usitie wasiwasi," alisema. "Ile Landrova ya marehemu itakwenda Pemba kama alivyotaka mwenyewe. Nitaifunga hayo magurudumu, itapanda kontena. Na wewe ukitoka eda utaifuata, wewe na mtoto. Mjane hukaa kwao."

Nilimtuma Ummu akamjibu kuwa nashukuru. Nilishukuru kweli. Mtu aliyefiwa hupenda afikiriwe, mradi yeye asifikiri.

Landrova yenyewe imekaa ua wa mbele, chini ya dirisha langu, tangu mwaka juzi. Ni ya zamani, ilikuwa ya mkulima wa Wales aliyekuwa akibebea kondoo. Nusu ya bei ilitoka mfukoni mwa Msabaha, nusu kwangu mimi, kwa kazi ya kuwaosha wazee. Magurudumu yake ya asili ni membamba. Msabaha alitaka mapana, yale meupe ya spoki nane na mipira yenye meno, ili apande vilima vya Wete wakati wa masika bila kuzama. Jioni nzima alikuwa akinieleza habari za tope la Wete, na mimi nilizaliwa huko.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimefua. Nimeanika ndani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bi Mwanabaraka amekuja kushinda nami. Yeye ndiye mtu mzima wetu sisi Wapemba wa huku. Ndiye aliyeniosha na kuniingiza edani, na ndiye anayekagua kama nimekaa sawasawa. Alikuta redio inaongea akaizima. Akanikumbusha sauti yangu isisikike na wanaume, hata Mwadini nimjibu kwa kupitia kwa mtoto. Nikamwambia mtoto mwenyewe anajibu kwa Kiingereza. Akasema basi Mwadini atajibiwa kwa Kiingereza, si kasoma.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo kaja fundi. Anaitwa Harjit, Singasinga wa nyumba ya tatu kutoka hapa. Alikuwa fundi Nakuru kabla ya kuja huku, na Kiswahili chake kimebaki cha Nakuru. Sikumwona ila kilemba, kupitia pembeni mwa pazia, lakini nilisikia kila neno, maana dirisha hili halizuii hata kikohozi.

"Mwadini bhai, kwa nini hapa?" alisema. "Toa gari barabarani, huko iko nafasi. Hapa mimi napiga jeki na mgongo yangu inapiga ukuta."

"Nyumba hii ina kizuka, Bwana Harjit. Si adabu kufanya karakana barabarani, watu wakasimama kutazama. Humu uani kuna ukuta, kuna michongoma. Kuna stara."

"Sawa. Lakini gari haijui eda."

Nilimwona Mwadini mtu mwenye heshima sana leo. Kumfikiria mtu mpaka pahala pa kuweka jeki! Harjit nilimwona mjuvi. Wakapiga, wakasukuma, wakapandisha gari juu ya magogo, na kutwa nzima nikasikiliza spana. Kichwa kinaniuma.

Jumapili, 20 Oktoba

Hakuna kitu. Gari liko juu ya magogo. Na mimi pia.

Jumamosi, 2 Novemba

Wamefunga mawili ya mbele. Harjit akamwita Ummu apande azungushe usukani, naye akazungusha mpaka mwisho, na kukatoka mlio wa kukwaruza uliopanda mpaka kwenye meno yangu.

"Simama! Simama!" Harjit alipiga kelele. "Unasikia? Mpira inakula springi. Hii gurudumu ni pana sana. Ukikata kona, inashika."

"Basi haliendi?" Mwadini aliuliza.

"Inaenda. Kona tu haikati."

Nikajikuta nimeziba mdomo kwa mkono. Nilikuwa ninacheka. Mjane hajatimiza hata nusu ya eda yake, anacheka kwa sababu gari la mumewe halikati kona! Nikaketi kitandani nikajiuliza kilichonifurahisha ni nini. Sikuona haya kusema: nimefurahi kwa sababu gari lisipokwenda, nami siendi.

Jumatano, 6 Novemba

Fataki za Wazungu jana usiku. Sikulala. Saa kumi na moja jioni tayari kiza.

Jumamosi, 9 Novemba

Kaja Mwadini peke yake. Nguru tena. Kaketi kwenye ngazi kunisomea mipango yake kupitia mlangoni. Kontena litajazwa mwanzo wa Januari. Mimi na Ummu tutaruka Februari. Nyumba hii itarudishwa kwa kansili, wenye nyumba. Ummu atamalizia masomo Chake Chake.

Ummu alikuwa amesimama ukumbini na trei ya chai. Akasema, "Ami, mitihani yangu ni June. I can't just leave." Mwadini akamwambia mtoto wa kike hajibizani na wakubwa. Halafu akagonga mlango wangu kwa kidole na kusema, "Nadhani mama yako hana neno."

Nilikuwa na maneno mpaka kooni. Nilimwita Ummu amwambie, lakini akaja analia, na mtu anayelia hatumwi. Mwadini akanywa chai yake akaondoka.

Jumamosi, 16 Novemba

Harjit kaja na dawa. Pale kwenye ekseli kuna bolti inayozuia usukani usizunguke kupita kiasi. Ameirefusha, sasa usukani unasimama kabla mpira haujafika kwenye springi. Mlio hakuna tena. Anajua kazi yake, nami nikamchukia kutwa nzima.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua, mvua, mvua. Nimehesabu maua ya karatasi ya ukutani nikaacha.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo wamefunga la tatu. Walikuwa chini ya dirisha langu kabisa, karibu ya kunigusa kama si kioo. Harjit alikuwa akikaza nati, akasita.

"Mwadini bhai, nauliza. Hii gari nusu ya mama, sivyo? Msabaha aliniambia mwenyewe. Mama anataka kwenda?"

"Mbona hakusema kitu?" Mwadini alijibu. "Toka Septemba namweleza, na hajanikatalia hata siku moja. Kimya chake ndiyo ridhaa yake."

"Kwetu pia wanasema hivyo. Lakini ile ya bibi harusi akiulizwa."

"Ni mamoja."

Nimeandika maneno haya kama nilivyoyasikia. Wananifungia mlango, wananikataza sauti, kisha yeye anauchukua ukimya wangu anautumia. Nguru wake wote nimewala na sasa wananipanda kooni. Huyu mtu nilimwombea dua kila sala!

Jumapili, 15 Desemba

Nimemuuliza Bi Mwanabaraka. Nilimsubiri amalize uji, nikamwambia, "Bibi, sheria ndiyo inayosema kizuka asisikike?"

Akafuta mdomo polepole. "Sheria imesema ulale nyumbani kwa mumeo, usijipambe, usiposwe. Kusema haikukataza."

"Sasa nani kakataza?"

"Sie," alisema. "Tumekuta hivyo. Na mie nilikaa hivyo hivyo, na mama yangu." Akanitazama. "Una la kusema?"

Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia nilitoka Pemba msichana, baada ya Mapinduzi, nimekaa huku miaka mingi kuliko niliyokaa kule. Nikamwambia kubwa kuliko hayo: Msabaha kazikwa hapa, na mimi hata kaburi lake sijaliona. Wanataka nipande ndege niende kumtimizia mtu wish yake, kama asemavyo Ummu, na mtu mwenyewe nimwache peke yake kwenye baridi.

Bi Mwanabaraka hakusema niseme wala nisiseme. Alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, akaomba uji mwingine.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Hakuna basi, hakuna treni, hakuna duka, hakuna mtu njiani. Leo London nzima imekaa eda na mimi.

Jumamosi, 28 Desemba

Gurudumu la nne limefungwa. Wakaliteremsha gari kutoka kwenye magogo, likasimama chini kwa fahari, na hata mimi nilikiri moyoni kuwa ni zuri. Laiti Msabaha angeliona. Mwadini akapanda, akawasha, moshi ukaingia mpaka chumbani kwangu. Akaliendesha kuelekea kwenye mwanya wa ukuta linakotokea.

Halikupita.

Mwanya ule Msabaha alikuwa akipita nao kwa kukunja vioo vya pembeni, na magurudumu membamba. Sasa mipira imechomoza nje ya bodi kama mashavu ya mtoto anayekula. Na hata kama lingepita kwa kusukumwa, barabara ni nyembamba, pande zote magari yameegeshwa, lazima ukate kona papo hapo, na usukani Harjit kauzuia. Wakajaribu mbele, wakajaribu nyuma. Wamelivalisha gari ndani ya ua, kwa ajili ya stara yangu, na sasa ua umelimeza.

Harjit alicheka mpaka akakaa chini. Mwadini hakucheka. Nilimwona uso, na kwa mara ya kwanza sikuona hasira wala ukubwa. Niliona mtu aliyetaka kulia. Sikuelewa, na nilikuwa nimefurahi mno kujali.

Ijumaa, 3 Januari 1992

Hajaja. Hajapiga simu. Ummu anasema pengine amekata tamaa. Mimi simwamini mtu wa tai.

Jumamosi, 4 Januari

Nitaandika yote.

Asubuhi nilisikia kitu kizito kikiburutwa juu ya saruji. Nikachungulia. Mwadini, leo hana tai, ameshika nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Harjit amesimama mbele yake amekunja mikono.

"Mimi kuvunja ukuta hapana," Harjit alisema. "Mimi fundi ya gari."

"Nitavunja mwenyewe. Kontena linajazwa Jumanne."

"Bhai, sikiliza. Ile gurudumu ya zamani iko nyuma ya jikoni. Vaa ile, toa gari, hii kubwa tia ndani ya gari, itavaa huko Pemba. Nusu siku tu."

"Nimeyafunga kwa miezi mingapi? Kila mtu Harrow ananiuliza gari limeshaondoka! Siyafungui tena."

Akapiga. Dirisha likalia, na vikombe vikagongana jikoni. Akapiga tena, na tena. Nguzo ya mwanya ikaanguka, ukuta ukaifuata, na michongoma iliyokuwa imeuegemea ikalala chini. Na mimi nikawa natazama barabara. Mwanamke mmoja mwenye mbwa alikuwa amesimama upande wa pili, akanitazama machoni, na kijana wa maziwa nyuma yake vilevile. Nikavuta pazia, likaniponyoka, likaanguka na fimbo yake.

Nilijihisi niko uchi. Kisha hasira zikanipanda kutoka nyayoni. Mtu huyu kanificha mpaka kwa spana, kanificha mpaka kwa maneno yangu mwenyewe, na sasa kanifunua kwa nyundo mchana kweupe ili asifungue nati!

Nikatoka chumbani, nikapita ukumbini. Ummu alikuwa kwenye ngazi, akasema, "Mama, where are you going?" Mlango sikuufungua. Nikapiga magoti, nikainua kile kibati kinachofunika tundu la kutilia barua mlangoni, na baridi ikanipiga usoni.

"Shemegi!"

Nyundo ikapiga.

"Mwadini!"

Ikanyamaza. Niliona suruali yake na ile nyundo ikishushwa.

"Shemegi?" alisema, taratibu. "Umetoka? Hutakiwi kusikika."

"Nisisikike nini, na umeshanionyesha kwa Wembley nzima? Tazama dirisha! Ukuta uliosema una stara uko wapi?"

Akageuka. Nadhani ndipo alipoliona dirisha lisilo na pazia, na njia, na yule mwanamke na mbwa wake. Nikamsikia akisema, "Ya Rabbi."

"Nisikilize, maana nimenyamaza toka Septemba na kila siku ukanisemea. Mie siendi Pemba. Sikukwambia nitakwenda. Sikuwahi kusema ndiyo."

"Msabaha alitaka—"

"Msabaha alitaka kurudi yeye. Na Msabaha hakurudi, yuko hapa! Mmemzika nyinyi wanaume, mie hata sijaliona kaburi. Mnaniambia niende kwa ajili yake, na yeye mnaniachisha. Mjane hukaa kwao, sawa. Kwetu ni alipo mume wangu na aliko mwanangu."

Halafu miguu mingine ikasogea karibu, viatu vya grisi, na sauti ya Harjit, kwa adabu, mbali kidogo na mlango.

"Mama. Pole. Gari hii nifanye nini?"

Hakuna mwanamume aliyeniuliza nataka nini tangu siku ya kufiwa. Pole nimepewa, nguru nimepewa, mipango nimepewa. Swali hapana. Ilibidi nifikiri.

Nilimfikiria Msabaha na tope lake. Ningeweza kusema gari libaki, nusu yake ni yangu na yaliyobaki ni mirathi, na Mwadini angeondoka mikono mitupu. Na lingekaa hapo chini ya dirisha mpaka lioze, na mimi hata kuliwasha sijui.

"Fungua magurudumu," nilisema. "Vaa ya zamani, hayo mapana tia ndani ya gari. Shemegi, lichukue. Nusu yangu nimekupa, na fungu la mtoto nitamlipa mie. Uende nalo wewe."

"Mie?" alisema Mwadini.

"Si wewe unayetaka kwenda?"

Nikakiachia kibati kikapiga. Harjit akaanza kulegeza nati, na ile bolti ya usukani pia. Mwadini sikumsikia tena mpaka alasiri, na alichokuwa akifanya, Ummu kaniambia, alikuwa akiokota matofali moja moja na kuyapanga, na kuisimamisha michongoma kwa kamba mbele ya dirisha langu.

Jumapili, 5 Januari

Habari zimeshafika Stanmore. Simu imelia kutwa. Mmoja kaniambia eda yangu imeharibika, mwingine kanipa hongera. Bi Mwanabaraka kaleta biriani na kuniuliza kama nilisikika vizuri.

Jumanne, 7 Januari

Ummu yuko skuli. Nilisikia Landrova ikiwashwa, nikangoja iondoke. Haikuondoka. Badala yake kibati cha tundu la barua kikainuliwa kutoka nje.

"Shemegi. Upo?"

Nikapiga magoti upande wangu. "Nipo."

"Nimekuja kuaga. Naipeleka bandarini, kisha wiki ijayo nami naondoka. Posta nimeomba likizo." Akakohoa. "Ukuta nitamtuma mtu aujenge."

"Inshallah."

Hakuondoka. Nilimsikia anavyopumua. Nilidhani anatafuta neno la kunilaumu, nikajiandaa.

"Mama alikufa mie niko huku," alisema. "Baba kadhalika. Waliokuwa wakinijua ni wangapi waliobaki? Msabaha ndiye aliyekuwa akiandikiana na watu. Alikuwa anijulishe njia. Alipokufa nikasema basi, nitakwenda na nyinyi, wewe una ndugu zako pale." Akaegemea mlango. "Naogopa, shemegi. Mie nilidhani nawapeleka nyinyi."

Miezi yote hii nilimwona kama kufuli mlangoni pangu. Kumbe alikuwa mtu anayetaka kushikwa mkono, na hakujua kuomba ila kwa kuamrisha.

"Ukifika Wete," nilimwambia, "muulizie dada yangu Bimkubwa, nyuma ya soko. Mwambie nimekuleta mie. Atakupa kitanda na atakusema sana, mvumilie."

"Na wewe utakuja lini?"

"Usinisubiri, Mwadini."

Akasema, "Haya." Akashusha kibati taratibu, kwa vidole, kisipige. Gari likatoka kinyumenyume, likapita, likakata kona, na mlio wake ukaenda mpaka barabara kubwa na kuchanganyika na mingine.

Ndipo nikamlilia Msabaha. Sikuwa nimemlilia hivyo hata siku ya maiti, maana nyumba ilikuwa imejaa watu na nilikuwa nikiambiwa nipunguze sauti. Leo nimelia kwa sauti yangu yote, sakafuni pale mlangoni, na waliokuwa wakipita njiani wamesikia.